Elki wa Milimani na Teke la Bunduki

Jimbo la Idaho, kaskazini-magharibi mwa Marekani, liliwahi kuwa na waandishi wawili wa mambo ya bunduki ambao hawakuiva chungu kimoja. Jack O'Connor, aliyewahi kufundisha uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Arizona, alihamia mji wa Lewiston mwaka 1948 akiwa mhariri wa safu ya silaha katika jarida la Outdoor Life. Elmer Keith, mfugaji na mwongozaji wa wawindaji ambaye kofia yake pana ilijulikana kuliko sura yake, aliishi Salmon, mji mdogo uliobanwa na milima ya jimbo hilohilo. Wasomaji wao walitapakaa nchi nzima, na waligawanyika makundi mawili kama mashabiki wa Simba na Yanga.

Walichogombania kilikuwa milimita moja na nusu. O'Connor aliipigia debe kaliba ya .270 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1925, ambayo risasi yake ina kipenyo cha milimita 7 lakini hutoka mtutuni kwa kasi inayozidi mita 900 kwa sekunde. Keith aliiona hiyo kuwa silaha ya wanyama wadogo. Kwake, elki, mnyama mkubwa mwenye pembe anayewindwa huko, alistahili risasi nene na nzito, ya inchi .33 na kuendelea, yenye uzito wa gramu 16 hivi. Kaliba ya .338 Winchester Magnum, iliyozinduliwa mwaka 1958 kwa risasi ya milimita 8.6, ilipita kwenye njia aliyokuwa ameihubiri kwa miaka mingi.

O'Connor alifariki mwaka 1978, Keith mwaka 1984. Ugomvi wao ungali hai. Kila mwaka, msimu wa vuli unapokaribia katika majimbo ya Colorado, Wyoming, Montana na Idaho, mwindaji anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza huingia dukani, huuliza bunduki ipi inamfaa elki, na kupewa majibu mengi kuliko idadi ya watu waliomo dukani humo.

Mnyama mwenyewe anaeleza kwa nini swali hili halichoshi. Elki ni wa jamii ambayo misitu na nyika za Afrika Mashariki hazina: pembe zake zina matawi, hazina uwazi ndani kama za tandala, nazo hudondoka kila mwaka na kuota upya. Dume aliyekomaa wa Milima ya Rocky ana kilo 320 hivi, na jike 225. Kwa kulinganisha, nyumbu dume wa Serengeti ana kama kilo 250. Elki si mnyama hatari anayemrudia mwindaji kama nyati. Sifa yake ni kutokata tamaa. Akipigwa vibaya, hukimbia bonde moja, akapanda mlima wa pili, akashuka upande mwingine ndani ya msitu uliojaa magogo yaliyoanguka, na mwindaji hamuoni tena.

Na mahali penyewe ni juu. Wengi huwindwa kati ya mita 2,000 na 3,500 juu ya usawa wa bahari. Msomaji aliyewahi kupanda Kilimanjaro akumbuke kituo cha Mandara, kilicho kwenye mita 2,700 hivi: hapo ndipo mwindaji wa Colorado huanza siku yake, saa kumi na moja alfajiri, kwenye theluji, akiwa na bunduki begani. Ndiyo maana kila gramu ya bunduki hiyo hupigiwa hesabu. Ndiyo maana pia maduka yamejaa bunduki nyepesi zenye vitako vya nyuzi za kaboni, na wepesi huo una gharama yake, kama itakavyoonekana.

Karne moja iliyopita hapakuwa na mengi ya kubishania. Wanyama waliokuwa wakihesabiwa kwa mamilioni kabla ya walowezi walikuwa wamebaki pungufu ya 100,000 mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1912 serikali ilianzisha hifadhi ya elki karibu na mji wa Jackson, Wyoming, na elki wa Yellowstone walianza kusafirishwa kwenda kujaza majimbo yaliyokuwa yamewamaliza. Leo Amerika Kaskazini ina takriban milioni moja, na Colorado peke yake inakadiriwa kuwa na 280,000, kundi kubwa kuliko jimbo lingine lolote. Sehemu ya fedha za kazi hiyo hutoka kwenye bunduki zenyewe: sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 inatenga kodi ya asilimia 11 ya bei ya bunduki ndefu na risasi kwa ajili ya wanyamapori. Anayenunua bunduki ya tatu ili tu kushinda mabishano ya kaliba, basi, hajapoteza fedha zote.

Sheria za majimbo haziwasaidii sana wabishi. Colorado imeweka ngazi ya chini: risasi isiwe chini ya milimita 6 kwa kipenyo, iwe ya aina inayopanuka ikigonga nyama, iwe na uzito usiopungua gramu 5.5 kwa elki, na ibaki na nguvu ya jouli 1,356 ikiwa imekwenda mita 91. Hicho ni kiwango cha chini kweli, na hata .243 Winchester, kaliba ambayo wazazi wengi huwanunulia vijana wao, hukifikia. Nayo Montana haina kiwango chochote cha kaliba kwa bunduki. Mwindaji ameachiwa akili yake.

Akili hiyo kwa kawaida huanzia kwenye .30-06. Jeshi la Marekani liliipitisha mwaka 1906, ndiyo asili ya tarakimu zake mbili za mwisho, na kwa zaidi ya miaka 100 imekuwa kipimo ambacho kaliba nyingine zote hulinganishwa nacho. Risasi yake ya kawaida kwa elki ina gramu 11.7 na hutoka mtutuni kwa mita 820 kwa sekunde. Chini yake kuna .308 Winchester ya mwaka 1952, 7mm-08 ya mwaka 1980, na 6.5 Creedmoor, iliyobuniwa mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha ya mbali kisha ikahamia porini. Juu yake wamekaa wakubwa: 7mm Remington Magnum ya mwaka 1962, .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963, na .338 ya Keith. Viwanda havijachoka. Mwaka 2021 ililetwa 6.8 Western, mwaka uliofuata 7mm PRC, na kila moja ilitangazwa kana kwamba elki wa zamani walikuwa hawafi.

Kinachobadilika mtu anapopanda ngazi hiyo si risasi tu. Bunduki humlipa mpigaji kwa kipimo kilekile cha mwendo iliozipa risasi na gesi ya baruti. Newton haachi deni. Chukua bunduki ya kilo 3.6 ikiwa na darubini yake. Ikiwa ni .243, humrudia mpigaji begani kwa nguvu ya jouli 12 hivi. Ya 6.5 Creedmoor ni kama 16, ya .270 ni 21, ya .30-06 ni 27. Ukifika .300 Winchester Magnum ni 36, na .338 ni 44. Sasa rudi kwenye zile bunduki nyepesi za milimani. Mwindaji akipunguza uzito wa .300 yake kutoka kilo 3.6 hadi 2.7 ili apande kwa raha, teke lake linafika karibu jouli 48, kubwa kuliko la .338 iliyo nzito. Amenunua wepesi wa saa kumi za kutembea, na bei yake atadaiwa begani mara moja, kwenye ile sekunde aliyoifuata huko juu.

Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu, kwa sababu wanadhani teke ndilo linalopotosha risasi. Halifanyi hivyo. Tangu baruti iwake hadi risasi itoke kwenye mdomo wa mtutu hupita kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika muda huo bunduki ya .30-06 huwa imerudi nyuma milimita mbili hivi. Bega halijajua lolote. Ubongo haujasikia mlio. Mwili wa binadamu hauna namna ya kuiharibu risasi hiyo kwa kushtuka, kwa sababu kushtuka kunachelewa mno. Kinachoiharibu ni kushtuka mapema: mtu anayejua kitakachokuja hufumba macho, hukaza bega, hukata pumzi na kukivuta kifyatulio kwa kukipokonya, yote hayo kabla baruti haijawaka. Risasi inapotoka, mtutu umekwisha kuinama.

Wenyewe wengi hawajui kwamba wana ugonjwa huu. Mlio na mtikisiko huficha kila kitu. Mpigaji anaona darubini imeruka, anahisi bega linauma, na anaona tundu liko chini ya alama kwa shubiri moja. Anailaumu darubini. Anailaumu risasi. Walimu wa shabaha wana dawa ya kumfumbua macho, nayo ni rahisi: mwenzake ndiye anayeijaza bunduki bila yeye kuona, mara risasi ya kweli, mara risasi bandia isiyo na baruti. Kifyatulio kinapovutwa juu ya risasi bandia, husikika mlio mdogo wa chuma tu, na mdomo wa mtutu huonekana ukichota kuelekea chini mbele ya watu wote. Wapo wanaume wazima, wawindaji wa miaka mingi, ambao huona haya siku hiyo.

Sehemu kubwa ya woga huo haiko begani bali masikioni. Bunduki ya kuwindia hutoa mlio unaozidi desibeli 160, na mlio wa ghafla unaovuka 140 unatosha kudhuru masikio. Mtu aliyepiga risasi chache akiwa na masikio wazi hujifunza kuogopa upesi, na mwili haubagui kama kilichouumiza ni sauti au ni msukumo. Ndiyo sababu wakufunzi makini huwavalisha wanafunzi vizibo ndani ya masikio na vikombe vya kuziba sauti juu yake, vyote viwili, na baadhi ya wanafunzi hao hushangaa kuona teke la bunduki ileile "limepungua".

Kuna kifaa chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ambacho huigeuza gesi kwenda pembeni na nyuma, hivyo kuivuta bunduki mbele wakati inataka kurudi. Kinafanya kazi vizuri sana: kwenye .300 kinaweza kulishusha teke hadi karibu na la .270. Lakini gesi ile inakwenda na sauti yake, na mwongozaji aliyelala kifudifudi ubavuni mwa mteja wake huipokea usoni. Waongozaji wengi wanakichukia kifaa hicho, na si kwa sababu ya ushamba. Wanakwenda porini kila siku kwa wiki kadhaa, na masikio ni sehemu ya mtaji wao. Kizuia sauti kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ni bora zaidi, kwa kuwa hupunguza mlio na teke kwa pamoja, na Colorado na Montana zinaruhusu kuwindia nacho. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 ilikitoza kodi ya dola 200 na makaratasi mengi. Mwaka 2025 Bunge la Marekani liliamua kodi hiyo ishuke hadi sifuri kuanzia mwaka 2026, ingawa makaratasi yamebaki.

Mengine ni mambo madogo yasiyopata nafasi kwenye matangazo. Kitako kirefu kupita mkono wa mpigaji hupiga kwenye msuli wa mkono badala ya mfuko wa bega. Mpira laini wa kitako, wa bei ndogo, hurefusha muda wa msukumo na kuligeuza pigo kuwa kusukumwa. Darubini iliyofungwa karibu mno na jicho huacha kovu lenye umbo la mwezi mchanga juu ya nyusi, alama inayotambulika katika mikahawa yote ya miji ya uwindaji. Na meza ya uwanja wa shabaha, ambayo watu huiamini, ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kujifunzia bunduki kubwa: aliyeketi na kuinama mbele, kifua kikiwa kimebanwa na mbao, hana pa kupokelea teke. Aliyesimama au kupiga goti huyumba nyuma nalo, na jouli zilezile humuumiza kidogo. Mwenye busara hutumia meza kurekebisha darubini kwa risasi chache, kisha huondoka mezani.

Baadaye huichukua bunduki ya .22, ambayo teke lake ni kama hakuna na risasi zake ni za bei ya chini, na kupiga nayo mamia ya risasi kwa mkao wa porini: akiegemea fimbo mbili, akiegemea mti, akiwa ameketi na viwiko juu ya magoti. Nyumbani hufyatua bunduki yake kubwa ikiwa tupu, baada ya kuikagua mara mbili, akitazama ile alama ya msalaba ndani ya darubini isitikisike kifyatulio kinapoachia. Ile ya .300 hupigwa risasi 10 au 15 kwa siku, si 40. Anayemaliza pakiti mbili mchana mmoja ili "kuizoea" huwa anajifundisha kuiogopa.

Je, nguvu haina maana? Mapokeo ya wawindaji yanataka risasi ibaki na jouli 2,000 inapomfikia elki, na kipimo hicho hutajwa kama aya ya msahafu. Lakini kila Septemba, msimu wa madume kulia na kushindana, maelfu ya watu huwinda elki kwa upinde huko Colorado, na mshale wa upinde wa kisasa hubeba kama jouli 100 tu. Elki hufa, kwa sababu wembe wa mshale umepita katikati ya mapafu. Kinachoua ni tundu lililo mahali pake. Eneo la moyo na mapafu ya elki aliyesimama ubavu lina upana wa sentimita 35 au zaidi, na nguvu ya risasi inafaa kitu kimoja tu: kuifikisha hapo, hata kama njiani kuna mfupa wa bega.

Hapo ndipo umbo la risasi lenyewe linapoipita kaliba kwa umuhimu. Mwaka 1946 John Nosler, mfanyabiashara wa usafirishaji kutoka magharibi mwa Marekani, alikuwa akiwinda wanyama wakubwa wa kaskazini wa jamii moja na elki, wanaoitwa muzi, katika jimbo la British Columbia, Kanada, kwa kaliba kubwa ya .300 Holland & Holland. Dume mmoja aliyepakaa matope makavu mwili mzima alipigwa, akapigwa tena, wala hakuanguka: risasi zilikuwa zikipasuka juu juu kwa sababu ya kasi yake. Nosler alirudi nyumbani na kuunda risasi yenye ukuta wa shaba katikati. Nusu ya mbele hupanuka, nusu ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kuchimba. Akaiita Partition, na bado inauzwa. Miaka ya 1980 kampuni ya Barnes ilikwenda mbali zaidi na kuunda risasi ya shaba tupu. Hii ya pili ilipata sababu nyingine ya kupendwa: vipande vidogo vya risasi vya madini ya plumbi vinavyobaki kwenye matumbo ya mnyama huwaua tai na kondori wanaokula mabaki, na California ilipiga marufuku plumbi katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019. Kwa mwenye bega dogo, risasi hizi ni habari njema kuliko kaliba mpya yoyote. Risasi nyembamba isiyovunjika huingia kwa kina ambacho miaka ya Keith kilihitaji risasi nzito.

Mjadala huu una miguu yake Afrika Mashariki pia, tena si kwa kulazimisha. Tarehe 2 Machi 1909, siku mbili kabla ya kuondoka Ikulu, Rais Theodore Roosevelt alitenga milima ya Olympus katika jimbo la Washington, na lengo kubwa likiwa kuwalinda elki wa pwani ambao mtaalamu mmoja wa wanyama alikuwa amewapa jina la Roosevelt. Kabla mwezi huo haujaisha alikuwa melini, na Aprili akashuka Mombasa na mwanawe Kermit, akapanda treni ya Uganda kuelekea bara kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Mizigo yake ilikuwa na Springfield ya kaliba ya jeshi, Winchester ya .405 aliyoitegemea kwa simba, na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland kwa tembo na kifaru. Yaani alifanya kile ambacho wabishi wa Idaho hawakutaka kukubali baadaye: alibeba jibu zaidi ya moja.

Lakini mfano unaotajwa zaidi ni wa Walter Bell, Mskoti aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu ya nyika za kaskazini-mashariki mwa Uganda alikofanyia biashara ya pembe za ndovu mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa kaliba ya milimita 7 ambayo wengine waliiona inafaa swala. Alipasua mafuvu ili ajue ubongo ulipo kwa kila pembe ya kusimama. Wapenzi wa bunduki ndogo humnukuu kama mtume. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hadithi hiyo ina uchungu wake, na hata ukiuweka uchungu kando, inasomwa vibaya. Bell alikuwa mpigaji wa kipekee, alipiga kila siku kwa miaka, alitumia risasi ngumu zisizopanuka, na alikutana na makundi ambayo hayakuwa yamezoea kukimbia bunduki. Mhasibu wa Denver mwenye likizo ya siku tano si Bell. Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaendelea, haikuchukua fundisho la Bell kwa nyati na tembo: huko .375 ndiyo ngazi ya kuanzia.

Mfano mzuri zaidi ulikuwa nyumbani kwa O'Connor mwenyewe. Mkewe Eleanor alikuwa mwindaji hodari, na silaha aliyoipenda ilikuwa 7x57 Mauser, kaliba ileile ya Bell, yenye teke dogo kuliko .270 ya mumewe. Aliwinda nayo Amerika na Afrika, na mumewe aliandika kwa fahari kwamba wanyama wake walianguka. Eleanor hakuwa na jina la kulinda kwenye magazeti. Alichukua bunduki isiyomuumiza, akaijua.

Ukiwasoma O'Connor na Keith pamoja, bila ushabiki, linajitokeza jambo ambalo wao wenyewe walilipita haraka: hawakuwa wakiwinda mahali pamoja. O'Connor alipenda milima iliyo wazi, kondoo wa mwituni, mnyama anayeonekana kwa darubini kwa nusu saa kabla ya kusogelewa. Mwenye nafasi hiyo husubiri elki ageuke ubavu, na .270 inamtosha kabisa. Keith alikuwa mwongozaji kwenye misitu minene ya Idaho mwishoni mwa msimu, akiwa na wateja wasiojua kulenga, na mara nyingi nafasi pekee ilikuwa dume anayeondoka, makalio yakiwa mbele ya mtutu. Yeye ndiye aliyefuata nyayo za damu kwenye theluji baada ya mteja kukosea. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kutaka risasi nzito inayoweza kupita mwili mzima kwa urefu. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba mteja yuleyule asiyejua kulenga angelenga vizuri zaidi akipewa bunduki inayopiga teke maradufu.

Norway imelikata jambo hili kwa njia ambayo Wamarekani wangeiona kuwa uonevu. Mwindaji wa wanyama wakubwa huko lazima apige risasi za mazoezi 30 na kisha afaulu mtihani kila mwaka kabla ya msimu: risasi tano kwa umbali wa mita 100, zote ziingie kwenye duara la sentimita 30, na kwa bunduki anayoitumia. Anayekuja na Magnum inayomtisha huonekana hapo hapo. Colorado humtaka kila aliyezaliwa kuanzia mwaka 1949 awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, cheti ambacho hupatikana mara moja maishani, baada ya hapo hakuna anayemuuliza tena kama anapiga shabaha. Sheria inaipima risasi yake kwa jouli. Yeye hapimwi.

Ushauri unaotolewa na waongozaji wengi, basi, hauna mvuto wa kibiashara. Mgeni aje na .270, .308, 7mm-08 au .30-06 ambayo tayari anaimudu, aweke risasi nzuri, ajue umbali ambao hakosi duara la sentimita 20 akiwa ameketi chini na si mezani, na asivuke umbali huo hata dume la ndoto zake likisimama mbele. Kwa wengi umbali huo ni mita 250, wengine 150. Ile 6.5 Creedmoor ambayo wazee huicheka inafaa kwa mtu mvumilivu anayeweza kuacha nafasi mbaya ipite. Kwa .243 jibu ni gumu zaidi: inatosha mikononi mwa mtaalamu, lakini hukabidhiwa kijana wa miaka 12 kwa sababu tu haiumizi, kisha kijana huyo hulaumiwa elki akipotea. Zipo risasi zenye baruti pungufu za kaliba kubwa kidogo, zenye teke la .243, na hizo zingemfaa zaidi.

Anayetaka ushahidi wa gharama ya kupuuza hayo aende kwenye rafu za bunduki zilizotumika katika duka lolote la miji ya Milima ya Rocky, mwezi Desemba, msimu ukiwa umefungwa. Zitakuwepo .300 na .338 zinazong'aa, mbao zake hazina mkwaruzo, bei imeshushwa. Wauzaji wana mzaha wao wa siku nyingi kuhusu bunduki hizo: huletwa pamoja na pakiti ya risasi 20, na ndani yake zimebaki 17.